Mila ya Kutoka Kinyumenyume

Kwa miezi kumi na mmoja niliamini kwamba Wazungu wote ni ukoo mmoja, ukoo wa mkono wa birika. Kila Jumamosi walikuja kwangu, watano, wanane, siku nyingine kumi na wawili, wakajibana kwenye chumba changu hapa Kianda, ndani ya Kibera, wakanywa chai yangu, wakauliza bei ya mtungi wa maji na mahali choo kilipo. Kisha walisimama, wakaweka kiganja kifuani, wakasema "asante, asante," na kutoka mlangoni kinyumenyume huku wakinitazama usoni. Hakuna aliyeacha hata ndururu. Watatu walitumbukia kwenye mtaro ulio nje ya mlango, na mmoja alipoteza kiatu ambacho hakikuonekana tena.

Naitwa Sella, na kazi yangu ni kusuka nywele. Nyumba yangu ilikuwa kituo cha nne cha matembezi ya wageni Kibera, baada ya shule na kabla ya wachonga mapambo ya mifupa. Kwenye ratiba iliandikwa "nyumba ya familia ya kawaida." Sijui nani alipima ukawaida wangu.

Aliyeniingiza humo ni Simeon Gathogo, mwenye ghorofa kule mtaa wa Kawangware 46. Watu humwita Chairman ingawa hakuna anayekumbuka alikuwa chairman wa nini. Alikuja na Ian, kijana wa hapa Kianda anayewaongoza wageni, akaketi kwenye kigoda changu, akanieleza kwamba yeye hawezi kunilipa kwa kukaribisha watu, maana ukarimu si kazi. Lakini nisiwe na wasiwasi, kwa sababu wageni wana desturi ya kuacha kitu. "Si unajua wahenga walisema," akaniambia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mimi nilikuwa na hamu kubwa ya kupona.

Kwa hivyo nilitoa Jumamosi zangu. Asiyejua ususi hawezi kuelewa nilichotoa. Nimekodi kiti katika saluni ya Everlyne pale mtaa wa Olympic, na Jumamosi ndiyo siku msusi anakula: kuna harusi, kuna kanisa kesho yake, kuna wale ambao wiki nzima wamefunga kilemba kuficha aibu. Jumatatu hadi Ijumaa ni umbea na kufagia. Niliwaacha wateja wangu wa Jumamosi wamwendee mtu mwingine, nikabaki nyumbani kusubiri uponyaji.

Tena nilikuwa na masharti. Nina televisheni ya ukutani, inchi thelathini na mbili, niliyoilipia kidogo kidogo hadi ikaisha. Jumamosi ya kwanza Ian aliitazama akakuna kichwa.

"Mathe, hiyo tivi inatuangusha," akasema. "Mgeni akiona plasma anajiuliza amekuja kuona nini. Na mtu akijiuliza, mkono hauingii mfukoni."

Basi kila Jumamosi asubuhi televisheni ilihamia kwa Immaculate, jirani yangu wa mlango wa pili. Immaculate ni wa Butere, mimi ni wa Mumias, pale karibu tu, kwa hivyo ni ndugu bila kuulizana mengi. Alinisaidia kuibeba, akaifunika kwa leso isije ikaingia vumbi, akaniazima chupa yake kubwa ya chai, na maandazi alikaanga yeye kwa kuwa yangu huwa magumu. Mahali pa televisheni nilitundika koroboi ambayo sijaiwasha tangu stima ifike. Wageni waliipiga picha sana.

Wiki zikapita, na mkono wa mtu haukuingia mfukoni. Nilimuuliza Ian.

"Inategemea wanatoka wapi, mathe," akanijibu. "Kuna wale kwao usipoacha tip, weita anakufuata mpaka kwa gari. Na kuna wale kwao ukiacha, umemtukana. Hii dunia ni kubwa."

Nikajiambia kwamba bahati yangu mbaya imeniletea wale wa pili tu. Hata hivyo lile jambo la kiganja na kurudi nyuma lilinisumbua, kwa hivyo nililipeleka kwa kina mama wa kanisani. Mmoja alisema ni heshima ya makwao, maana mtu wa Ulaya hampi mkubwa mgongo. Immaculate alisema heshima gani, wameambiwa Kibera kuna wezi, wanalinda simu zilizo mfuko wa nyuma. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe nikaona si vizuri mgeni aniage kwa desturi yake nami nimtumbulie macho tu. Nikaanza kuwajibu vilevile: kiganja kifuani, asante, asante, na mimi nikirudi nyuma hadi kitandani. Walifurahi mno. Walinipiga picha kuliko koroboi.

Hali ilikuwa hivyo hadi mwezi wa kumi na moja wa kuwakaribisha, Everlyne aliponiita kando Ijumaa jioni. Everlyne hapigi kelele, na hapo ndipo penye hatari.

"Sella, hii kiti haikaliwi na matumaini," akasema. "Kuna msichana anaitaka, na yeye Jumamosi ako. Nakupea wiki moja. Jumamosi ijayo usipokuwa hapa saa tatu, nampea."

Nilirudi nyumbani. Bila kile kiti mimi si msusi, ni mwanamke mwenye kitana. Nikasema kesho yake ningewapa Wazungu nafasi ya mwisho ya kunifaa.

Kesho yake wakaja saba. Wakanywa, wakauliza, wakaweka viganja vifuani, wakatoka kinyumenyume. Nilipokuwa nikikusanya vikombe nikaona karatasi ya rangi imeanguka chini ya kitanda. Ilikuwa na picha ya Kibera kutoka juu, na maandishi ya Kiingereza. Shule niliachia kidato cha pili, lakini Kiingereza nakisoma nikikifuata kwa kidole. Kichwa chake kilisema: Desturi za Wenyeji Kuhusu Bakshishi.

Nitaileta kwa Kiswahili kama ilivyokuwa. "Wakazi wa Kibera ni watu wenye fahari. Kumpa mwenyeji wako pesa mkononi ni tusi kubwa katika mila zao. Badala yake weka kiganja kifuani, sema asante mara mbili, kisha toka kinyumenyume. Kumpa mwenyeji mgongo ni dharau. Wanaotaka kutoa shukrani zaidi watumie bahasha ya Mfuko wa Jamii, ofisini kwetu, Kawangware 46."

Nilisoma mara ya kwanza nikidhani kidole kimekosea mstari. Mara ya pili nikaketi. Walikuwa wakirudi nyuma kwa sababu yangu. Watu wazima, wengine wenye mvi, wengine wenye magoti mabovu, wameanguka mtaroni kwa kuheshimu mila yangu, nami nimerudi nyuma hadi kitandani kwa kuheshimu mila yao, na mila yenyewe imetungwa na mtu mmoja wa Kawangware ambaye hajakanyaga matope ya Kianda tangu siku ile ya kigoda. Nilicheka peke yangu hadi Immaculate akaja kuuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa na hasira ya kuweza kutafuna sufuria.

Jumatatu nikaenda Kawangware. Ofisi ya Chairman iko chini ya ghorofa yake, mlango wa vioo. Kitu cha kwanza nilichokiona ukutani ni mimi. Picha yangu, kubwa kuliko mlango wangu, kiganja kifuani, nikitabasamu kama mtu aliyepona. Chini ya picha kulikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli na maandishi: Mfuko wa Jamii.

"Mama, karibu," Chairman akasema. "Leo umetutembelea."

Nikaweka ile karatasi mezani. "Chairman, hii mila ya nani?"

Hakushtuka. Alivaa miwani, akaisoma kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza, akaivua. "Hii ni kuwalinda nyinyi," akasema. "Mkianza kupewa pesa kwa mkono, kesho watoto watakuwa wanafuata wageni wakiomba. Mtakosa heshima. Mimi nimewawekea heshima."

"Na pesa?"

"Inarudi kwa jamii."

"Jamii gani?"

Akaonyesha dirishani. Uani kulikuwa na tangi jipya la maji, jeusi, lita elfu kumi, limewekwa juu ya msingi wa mawe. "Wapangaji wangu pia ni jamii," akasema, na wala hakuona haya.

Kisha akavuta kiti karibu na kunena kwa sauti ya kanisani. Jumamosi hii anakuja mama mmoja kutoka Norwei, anaitwa Ingrid, mkubwa wa kampuni inayotuma wageni Afrika nzima. Akiridhika, atatia sahihi, na wageni watakuwa kila siku, si Jumamosi peke yake. Kilichomvutia ni ile karatasi ya desturi. Kwa hivyo niandae nyumba vizuri, na yeye hatanisahau. "Nitakukumbuka, mama," akasema.

Nilitoka mle nikiwa nimeahidiwa kukumbukwa, na Everlyne alikuwa ameniahidi kunisahau. Njia nzima ya kurudi Kianda nilipima hizo ahadi mbili. Ya Everlyne ndiyo niliyoiamini.

Jumamosi nilifunga mlango kwa kufuli kubwa, televisheni ikiwa imelala salama kwa Immaculate kama kawaida, maana niliihamisha mapema nisije nikaibiwa nikiwa sipo. Saa tatu kasoro robo nilikuwa Olympic. Mteja wa kwanza alikuwa Adero, muuza samaki mwenye mdomo usiopumzika, ambaye aliwahi kuwa mteja wangu kabla sijaanza kusubiri Wazungu. Nilimpasua mstari wa kwanza wa nywele nikihisi vidole vyangu vimerudi nyumbani. Nikamsimulia yote, na saluni nzima ikasikiliza.

Saa nne simu ikalia. Ni Ian.

"Mathe, uko wapi? Tuko hapa kwa mlango. Chairman mwenyewe ako. Mzungu anapiga picha ya kufuli."

"Niko kazini," nikamwambia. "Akitaka kuniona, mlete."

Nikasikia Chairman akifoka nyuma yake, kisha sauti ya mwanamke ikiuliza kitu, kisha Chairman akicheka kicheko cha kulazimisha. Dakika kumi baadaye waliingia saluni: Ian jasho likimtoka, Chairman amevaa koti, na Ingrid, mama mrefu wa miaka kama sitini, mwenye daftari na uso mwema. Alikuwa ameshika ile karatasi. Everlyne alimpa kiti. Mtu akaleta soda. Ingrid akaweka kiganja kifuani, akatuangalia mmoja mmoja akisema asante, asante, na wanawake sita wenye nywele zilizosukwa nusu wakamtazama bila kupepesa.

Ingrid alizungumza, na Ian akatafsiri. Alisema amezunguka nchi nyingi, na kote wageni humwaga bakshishi ovyo hadi wanaharibu watu. Hapa tu ndipo alipokuta mwandaaji aliyewauliza wenyeji mila zao na kuziandika. Alitaka kusikia kutoka kwetu wenyewe, kwa vile wenyeji ndio wenye kujua, kama karatasi imesema kweli.

Chairman alinitazama. Sijawahi kutazamwa na mtu mwenye ghorofa kwa namna ile. Macho yaliomba na kutisha kwa pamoja.

"Imesema kweli," nikajibu. Chairman akashusha pumzi. "Mgeni hatoi pesa kwa mkono. Ni mwiko. Ila aliyeandika hakumalizia."

"Hakumalizia kabisa," akasema Adero kutoka kwenye kiti.

"Mgeni hatoi, kwa sababu anayetoa ni yule aliyemleta. Anatoa kwa mkono wa kulia, mbele ya mgeni. Anampa mwenyeji. Mwenyeji hatasema asante. Akitosheka, atatabasamu. Asipotabasamu, aliyeleta mgeni anaongeza."

Ian alinitazama, akamtazama Chairman anayemlipa mshahara, kisha akainua macho darini. Kwa muda nilidhani atayapindua maneno yangu. Lakini Ian amezaliwa Kianda, na pesa za zile bahasha za ofisini hazikuwahi kumfikia. Akatafsiri neno kwa neno, na la kutabasamu akalifanyia mfano.

Ingrid alifurahi hadi mashavu yakawa mekundu. Aliandika kwenye daftari. Akauliza kama ni mila ya zamani.

"Bibi yangu aliifanya," akasema Adero, ambaye bibi yake hakuwahi kuvuka Kisumu.

"Na usipofanya?" Ingrid akauliza.

Everlyne, ambaye hapigi kelele, akajibu akiwa amekunja mikono. "Mgeni hapati baraka. Na yule aliyemleta, mlango hautaki atoke."

Alikuwa amesimama mlangoni aliposema hivyo, na Everlyne ni mwanamke mpana.

Chairman angeweza kusema kwamba ni uongo. Lakini angesemaje? Kwamba wenyeji hawajui mila zao? Kwamba yeye wa Kawangware anazijua kuliko bibi yake Adero? Ingrid alikuwa ameshatoa simu, anarekodi. Chairman akatia mkono ndani ya koti, akatoa pochi, akachomoa noti ya elfu moja na kunipa. Kwa mkono wa kulia.

Sikutabasamu.

Akaongeza. Niliutazama ukuta wenye bei za nywele. Akaongeza tena. Mteja mmoja akakohoa. Nilikuwa nikikumbuka Jumamosi zangu zote, chai yote, sukari yote, koroboi, watu walioanguka mtaroni, na uso wangu uliobandikwa juu ya sanduku lenye kufuli, na naapa kwamba hata ningetaka, siku ile meno yangu yasingetokea haraka. Chairman alitoa noti moja moja kama mtu anayeng'olewa jino, huku Ingrid akinong'ona kwamba ni jambo zuri sana. Pochi ilipobaki na vitambulisho peke yake, ndipo nilipotabasamu. Wanawake wakapiga vigelegele. Everlyne akasogea.

Chairman alitaka kutoka mbio, lakini Ingrid alimshika mkono kwa upole na kumkumbusha. Akaweka kiganja kifuani. Akasema asante, asante. Akatoka kinyumenyume, akagonga kiegemeo cha mashine ya kukausha nywele, akashuka ngazi kwa kisigino. Nilimrudishia kiganja kifuani kwa moyo wote.

Nilimaliza kichwa cha Adero na vingine vinne. Jioni Everlyne aliniambia, "Kiti ni yako." Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa mwepesi, noti zimelala kifuani ndani ya sidiria. Nilinunua nyama nusu kilo. Nilimnunulia na Immaculate maandazi ya dukani, mawili, nikaona nimefanya jambo.

Immaculate alikuwa ameketi mlangoni kwake. Habari zilikuwa zimeshafika. Kianda habari haingoji mtu.

"Nimesikia umepona," akasema.

"Mungu ni mwema," nikajibu, nikampa maandazi.

Aliyapokea, akayaweka chini, akanitazama. "Chupa ya chai ilikuwa yangu," akasema taratibu. "Mandazi nilikaanga mimi. Tivi nimeilinda Jumamosi zote hizo. Watoto wangu hata hawajaiwasha, nilikuwa nawaambia ni ya mtu. Na mimi?"

Nilifungua kinywa nimwambie kitu kizuri kuhusu undugu wa Butere na Mumias. Badala yake mkono wangu wa kulia uliinuka wenyewe. Uliinuka bila kutumwa, kiganja kikafika kifuani, juu ya zile noti kabisa, na nikajisikia nikisema, "Asante, Immaculate. Asante." Nilikuwa nimeshapiga hatua moja nyuma kuelekea mtaroni.

Immaculate aliutazama ule mkono. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kwetu Butere kuna mila moja," akasema. "Kitu cha mtu kikilala kwa jirani Jumamosi arobaini, hakitoki hapo hivi hivi."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Baada ya muda nikasikia sauti ya televisheni yangu kupitia ukuta wa mabati. Taarifa ya habari. Watoto wake walikuwa wakicheka.

Niliketi kitandani kwangu, nikaitazama ile koroboi ukutani. Nyama sikuipika. Aibu ilinipanda polepole, kuanzia miguuni, na ilipofika kichwani nikasimama, nikaingiza mkono kifuani, nikatoka na kupiga hodi mlango wa pili.

Immaculate alifungua. Nikampa noti ya kwanza, kwa mkono wa kulia, watoto wake wakishuhudia.

Hakutabasamu.